Ufundi kwanza, kitu kwanza au wazo kwanza? Uanzie wapi kwenye sanamu za vifaa mchanganyiko

Ukitaka kujifunza sanamu za vifaa mchanganyiko, yaani zile zinazokutanisha mbao, waya, kitambaa, chuma na plastiki kwenye kazi moja, utakutana na walimu wa aina tatu na kila mmoja ana uhakika yeye ndo yuko sawa. Wa kwanza atakwambia jifunze kwanza kukata na kuunga, mawazo yako yatasubiri. Wa pili atakumwagia mezani rundo la vitu vilivyotupwa akwambie haya, cheza. Wa tatu atakuuliza unataka kusema nini, na hutashika hata koleo mpaka umjibu. Na anayefundisha naye anakwama hapohapo, maana akipanga somo la ubunifu lazima achague mlango mmoja wa kuwaingizia wanafunzi wake.

Mi nazikubali zote tatu, zimetoa wasanii wakubwa kabisa, na anayekwambia ni moja tu ndo ya wabunifu anakunyima zile mbili. Ila kuna kitu watu hawakiangalii wakati wa kuchagua: kila njia inakukwamisha mahali pake. Hakuna ambayo haikukwamishi. Kwa hiyo badala ya kuuliza ipi bora, uliza nikikwama hivi nitavumilia au nitaacha, hapo utapata jibu lako mapema zaidi.

Vigezo nitakavyotumia

Kwa kila njia nitaangalia mambo yaleyale: siku za kwanza zinakuwaje, utakwama wapi, sanamu yenyewe itasimama na kudumu au itaachia baada ya muda, mwalimu anafanya kazi gani, na inamfaa nani. Nafasi na usalama nitavigusa humohumo kwasababu vinatofautiana sana, kuna njia inayotaka meza tu na kuna inayotaka karakana yenye hewa ya kutosha. Kipaji sijakiweka kwenye vigezo, hakikusaidii kuchagua.

Njia ya kwanza: ufundi kwanza

Siku za kwanza ni za mazoezi. Unakata waya, unaukunja, unajifunza kwamba waya wa shaba ni laini lakini ukiukunja na kuukunjua mara nyingi palepale unakakamaa na mwisho unakatika. Unajifunza kupiga msasa, kutoboa na drili bila kupasua ubao, kuchanganya plasta (ule unga mweupe wa kutolea maumbo) kwa kumimina unga kwenye maji na sio maji kwenye unga. Unajifunza pia kwamba plasta inapata joto wakati inaganda, na kwahiyo usizamishe kabisa mkono ndani ya plasta nyingi ukiamini unatoa umbo la mkono, watu wameungua vibaya kwa hilo.

Somo kubwa kuliko yote kwenye njia hii ni maungio, na hapa nitakaa kidogo maana sanamu nyingi za vifaa mchanganyiko zinafia kwenye maungio. Chukua ubao mpana na bapa la chuma, unataka vikae pamoja. Mwanafunzi anapaka gundi, anabana, kesho yake imeshika anafurahi. Kumbe ubao unavuta unyevu na kutanuka, hewa ikikauka unasinyaa, na unafanya hivyo zaidi kukatisha nyuzi zake kuliko kwa urefu wake, wakati chuma kiko palepale. Miezi ikipita kitu kimoja kinavuta kingine kimegoma, na kinachoachia ni gundi au ubao wenyewe unapasuka. Fundi anafanyaje? Anatoboa tundu refu kidogo kwenye chuma, sio la duara, afu anakaza skrubu na washa (kile kipete bapa cha chuma) bila kuifinya sana, hapo ubao ukitaka kusogea unasogea na skrubu inateleza ndani ya tundu. Kitu kidogo hivyo ndo kinachotenganisha sanamu ya maonyesho ya wiki moja na ile itakayokaa miaka.

Na gundi nazo hazifanani. Ile nyeupe ya mbao inahitaji walau upande mmoja unaonyonya maji, ukiitumia kati ya chuma na kioo itakaa mbichi humo ndani. Gundi ya moto inashika vizuri kwenye vitu vyenye vinyweleo kama kadibodi na kitambaa, ila kwenye chuma laini inaachia kirahisi na jotoni inalegea. Epoksi, ile gundi ya sehemu mbili unazozichanganya, ndo inayokutanisha vitu visivyofanana, lakini sharti ukwaruze pande zote mbili na msasa na ufute mafuta, na vaa glavu.

Utakwama wapi? Utakwama kwenye kumaliza mazoezi. Yaani kuna watu wanakuwa mafundi safi kabisa, maungio yao unayashangaa, afu ukiwaambia haya sasa tengeneza chako wanakuuliza nitengeneze nini. Wamezoea kupewa. Hii ni hatari ya kweli, na inaonekana zaidi kwa mtu mzima aliyekuwa mwanafunzi mzuri shuleni.

Kudumu, hapa njia hii inaongoza bila ubishi. Mwalimu kazi yake ni kuonyesha kwa mikono na kusahihisha, kwahiyo lazima awe anajua kweli, huwezi kubabaisha mbele ya ungio linaloachia.

Wa kumtazama hapa ni Julio González wa Barcelona. Ametoka kwenye familia ya mafundi wa metali, na kuchomelea kwa gesi alijifunza mwaka 1918 alipokuwa akifanya kazi kiwandani, Renault. Miaka kama kumi baadaye Picasso, mchoraji maarufu ambaye mawazo hayakuwahi kumwishia, alimwendea González amsaidie kutengeneza sanamu za chuma kwasababu yeye hakuwa na mikono hiyo. Wakafanya kazi pamoja kuanzia 1928, na katika ushirikiano huo González mwenyewe akabadilika, fundi wa siku nyingi akawa mmoja wa wachongaji muhimu wa chuma wa karne ya 20 akiwa ameshavuka miaka 50. Kwa hiyo ufundi unaweza kukaa miaka mingi ukisubiri, hauozi.

Inamfaa nani: mwenye subira, anayependa kuona maendeleo yanayopimika, anayekasirika kazi yake ikivunjika, na yeyote anayetaka kufanya kazi kubwa za nje au za kuning'inia juu ya vichwa vya watu. Huyo wa mwisho hana uchaguzi kabisa.

Njia ya pili: kitu kwanza

Hapa unaanza na vilivyopo. Siku ya kwanza unakusanya, siku ya pili unapanga, unageuza juu chini, unaweka hiki juu ya kile na kusubiri kitu kitokee. Hakuna mchoro wa kuanzia.

Chukua mwavuli uliovunjika. Mtu anauona ni takataka na kitambaa kilichochanika. Ukikaa nao mezani ukaanza kuufungua unakuta mbavu nyembamba zenye viungo katikati, na kile kipande kinachoteleza juu ya mti wake ndo kinachosukuma mbavu zote kwa pamoja, ukikisukuma nusu tu mbavu zinasimama kama miguu ya kiumbe kinachotaka kuinuka. Hapo hujatengeneza chochote bado, lakini mwendo umeshaupata, na hakuna daftari la michoro ambalo lingekupa mwendo huo. Hiyo ndo nguvu ya njia hii, kitu kinajua mambo ambayo wewe huyajui.

Mfano unaojulikana zaidi ni kichwa cha ng'ombe dume cha Picasso cha mwaka 1942, kiti cha baiskeli na usukani wake, vitu viwili tu, kiti ndo uso na usukani ndo pembe. Lakini mi napenda zaidi kuwaambia wanafunzi habari za El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefundisha sanaa Nsukka, Nigeria, tangu 1975. Alikuwa ameshafanya kazi na sahani za mbao za sokoni, vyungu vilivyovunjika, na mbao alizokata kwa msumeno wa injini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 akaokota mfuko wa vizibo vya alumini vya chupa za pombe. Hakuvikimbilia, vilikaa kwanza studio. Baadaye akaanza kuvibonda, kuvikunja na kuviunganisha kwa waya wa shaba mpaka vikawa mashuka makubwa ya metali yanayoning'inia ukutani yakiwa na mikunjo kama kitambaa, na kila yakitundikwa upya yanaweza kukaa kwa umbo jingine, wanaotundika wanaachiwa waamue. Mwaka 2015 alipewa Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake. Naitaja habari yake kwasababu watu wanadhani njia hii ni ya haraka, unaokota unabandika umemaliza, na hapana, ni njia ya kukaa na kitu muda mrefu.

Unakwama wapi sasa? Kwenye wingi. Rundo linakua, kila kitu kinaonekana kinafaa, unabandika na kubandika, mwisho una kitu kimejaa vitu na hakina umbo, mtazamaji anahesabu anachokitambua: hii funguo, hii saa, hiki kijiko, afu anaondoka. Dawa ninayoiamini ni kupunguza, jipe aina mbili au tatu za vitu na basi. Mchongaji wa Marekani, Louise Nevelson, alikusanya vipande vya mbao vya kila namna, miguu ya viti, vipande vya ngazi, akavipanga kwenye masanduku, afu akavipaka vyote rangi moja nyeusi, na ghafla huoni tena mguu wa kiti, unaona vivuli na ukuta mmoja.

Kudumu ni tatizo, lazima nikwambie ukweli. Vitu vilivyotumika vina mafuta, kutu, rangi zinazobanduka, na plastiki nyingi zinakauka na kupasuka zikipigwa na jua. Hata wakubwa yamewakuta, kazi za mchongaji Eva Hesse za mpira wa lateksi za miaka ya 1960 zimekuwa ngumu na kubadilika rangi, nyingine haziwezi kuonyeshwa tena kama zilivyokuwa. Ukiwa unajua hilo na unalikubali ni sawa, shida ni kumpa mtu kazi akidhani itakaa milele.

Usalama nao usiupuuze kwasababu tu ni mchezo. Rangi za zamani kwenye mbao na vyuma zinaweza kuwa na risasi, yaani ile metali yenye sumu, usizipige msasa zikiwa kavu, na usimpe mtoto kabisa. Makopo ya kupuliza yasikatwe, betri zisifunguliwe. Na yale maboksi meupe mepesi ya stairofomu, rangi nyingi za kupuliza zinayayeyusha mbele ya macho yako.

Mwalimu hapa haonyeshi sana. Kazi yake ni kuchagua nini kiingie mezani na kujua lini anyamaze. Hiyo ya kunyamaza ni ngumu kuliko inavyosikika, maana mwanafunzi akikwama dakika tano mwalimu anatamani kunyoosha mkono amgeuzie kile kipande, na akishafanya hivyo ubunifu umeshakuwa wa mwalimu.

Inamfaa nani: watoto karibu wote, watu wanaoogopa karatasi tupu, wasio na hela ya vifaa, na mafundi wa njia ya kwanza waliokauka.

Njia ya tatu: wazo kwanza

Siku za kwanza unaandika, unachora, unaongea. Afu unatengeneza modeli ndogo ya kadibodi, unaiangalia pande zote, na hapo ndo unatafuta vifaa vinavyofaa wazo. Vifaa vinafuata, haviongozi.

Kazi inayonionyesha njia hii vizuri ni kile kiti cha enzi cha silaha cha mwaka 2001, cha Cristóvão Canhavato anayejulikana kama Kester, wa Msumbiji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kule viliisha 1992, na tangu 1995 kulikuwa na mradi wa kukusanya silaha kwa watu na kuwapa zana za kazi badala yake, silaha zenyewe zikakatwa na wasanii wakapewa vipande. Kester akaviunganisha vikawa kiti. Sasa hivi kipo British Museum, London. Angalia wazo lilivyokaa: hakutengeneza sanamu ya neno amani, katengeneza kitu ambacho kila mwili wa binadamu unakijua, kiti, na ukikitazama mgongo wako unahisi hauwezi kuegemea pale. Kiti cha enzi ni madaraka, na kimeshikiliwa na bunduki. Hakihitaji maelezo ukutani.

Na hapo ndo unapokwama kwenye njia hii. Wengi wanaanza na neno kubwa, uhuru, mazingira, mapenzi, afu wanatafuta kitu cha kuliwakilisha, na kinachokuja ni njiwa, mnyororo uliokatika na moyo. Neno kubwa halina uzito wala kona, huwezi kulishika na koleo. Wengine wanakwama kinyume chake, wazo ni zuri mno na mikono haijafika, modeli ya kadibodi inapendeza, ikifika kwenye chuma haisimami, na mtu anakata tamaa akidhani wazo lilikuwa baya.

Mwalimu mzuri wa njia hii ni muulizaji. Ukimwambia nataka kufanya sanamu kuhusu mama yangu atakuuliza mikono yake inashika nini asubuhi, kinatoa sauti gani, ni kizito? Anakushusha ngazi kwa ngazi mpaka ufike kwenye kitu kimoja chenye ukubwa na uzito, ndo anakuachia. Mwalimu mbaya wa njia hii anakubali neno kubwa na kulisifia.

Kudumu inategemea nani anaijenga. Kama una fundi wa kukusaidia, safi, wasanii wengi wanafanya hivyo na hakuna aibu. Kama huna, punguza ukubwa, wazo zuri kwenye sanamu ya kukaa kiganjani bado ni wazo zuri.

Inamfaa nani: mwenye jambo linalomkaa rohoni, waandishi na watu wa maigizo wanaohamia kwenye sanamu, vijana wakubwa walioanza kuwa na maoni yao kuhusu dunia. Kwa watoto wadogo mi siishauri kuanza nayo, unawalazimisha kueleza kabla hawajashika.

Kuna wanaochanganya

Kuna mstari mmoja wa walimu naupenda sana. Josef Albers akifundisha Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu ya Ujerumani, alikuwa akiwapa wanafunzi magazeti na kuwataka watoe kitu zaidi ya walichopewa, bila kuharibu karatasi. Wengine walitengeneza mashua na majumba, yeye akaisifu kazi iliyokuwa karatasi imekunjwa tu mpaka ikasimama wima, kwasababu ilitumia tabia ya karatasi yenyewe. Mwaka 1933 akahamia Marekani kufundisha Black Mountain College, na huko miaka ya 1940 akamfundisha Ruth Asawa, aliyekuja kuwa msanii wa sanamu za waya. Asawa alijifunza kusuka waya kwa vitanzi huko Mexico mwaka 1947 kutoka kwa watu waliokuwa wakisuka vikapu, akatumia kitanzi hichohicho kimoja kutengeneza maumbo makubwa yanayoning'inia, umbo ndani ya umbo, unaona hadi ndani. Ni ufundi, ni kitu, na wazo limekuja likiwa limeshakaa kwenye waya.

Alipoanza kufundisha watoto San Francisco, kwenye mradi wa shule ya msingi ya Alvarado aliouanzisha na wenzake mwaka 1968, aliwaletea maboksi ya maziwa na ya mayai na donge la unga na chumvi, vitu vya kila siku, akaleta na wasanii wanaofanya kazi kweli wakae na watoto. Na ile donge haikuishia kuwa mchezo, chemchemi yake ya Union Square ilifinyangwa kwa donge hilohilo na watoto na watu wengine wengi wa mji, afu ikamwagwa kwa shaba nyeusi. Kwangu hapo ndo kuna jibu kwa anayeona kazi za watoto ni za kubandika friji tu, unaweza kuanza na unga na ukamaliza na kitu cha kudumu, ilimradi kati yake kuna mtu anayejua ufundi.

Sasa uchague vipi

Kama umejaribu mara kadhaa na kazi zako zinaanguka, zinaachia, zinapinda, usitafute msukumo mwingine, nenda ufundi kwanza hata kwa muda mfupi na uanze na maungio.

Kama mikono unayo lakini meza iko tupu na huna hamu, kitu kwanza, na jiwekee aina mbili tu za vitu.

Kama una jambo moja unalolifikiria kila siku, wazo kwanza, ila fanya modeli ndogo tatu tofauti kabla ya kununua chochote, na kama zote tatu zinafanana bado uko kwenye neno, hujafika kwenye kitu.

Ukiwa unatafuta mwalimu, omba uone kazi za wanafunzi wake wa darasa moja zikiwa zimepangwa pamoja. Zikifanana na za mwalimu, hiyo ni alama mbaya kwenye njia yoyote kati ya hizi. Kwenye darasa la ufundi zikifanana maungio na kutofautiana maumbo, vizuri. Kwenye la kitu zitofautiane kabisa. Kwenye la wazo muulize mwanafunzi mmoja alianza na nini na akaishia wapi, kama hakuna kilichobadilika njiani huyo hakuulizwa maswali.

Kama wewe ndo unafundisha na una muda mfupi na watoto wengi, kitu kwanza na ufundi mmoja tu ndani yake, mfano kufunga kwa waya, basi, hakuna gundi siku hiyo. Gundi inawafanya wakae kusubiri, na ikikosewa haifunguki. Waya ukikosewa unafunguliwa na mtoto anajaribu tena palepale.

Na kama una mwaka mzima na kundi moja la watu wazima, anza na kitu ili waache kuogopa, hamia kwenye ufundi pale kazi zao zitakapoanza kuanguka na wenyewe wakaja kukuuliza kwanini, maana wakati huo somo la maungio wanalisikiliza kwa masikio mengine kabisa, afu wazo liwe la mwisho wakati mikono tayari inajua inachoweza.